Gunzi Lisilotetemesha Mkono

Jumatatu, 14 Oktoba. Katoro

Leo mkono wa Ndaki umeachia grainda ikiwa inazunguka. Imeanguka ndani ya dramu na kurukaruka humo kama kuku aliyechinjwa, na yeye yumo humo humo, kiwiliwili chote ndani, miguu tu ndiyo iko nje. Nilikimbia nikachomoa waya ukutani. Alipojivuta nje alikuwa mzima, ila shati limechanika begani. Tulisimama tukiuangalia mkono wake wa kulia. Ulikuwa unatetemeka.

"Ni hili gunzi," akasema. "Linapiga teke mno. Teke linabaki mkononi."

Gunzi ni jina letu la hapa karakana. Ni tupa ya kuzunguka, kipande cha chuma chenye meno pande zote, kama gunzi la hindi. Unakifunga kwenye grainda na kukiingiza mahali ambapo tupa ya kawaida haifiki. Tunalitumia kusawazisha ndani ya madramu ya makarasha, yale mapipa mazito ya kusagia mawe ya dhahabu. Mvua zikianza maduara, yale mashimo ya dhahabu, hujaa maji, wachimbaji hukaa, na wenye makarasha hutuletea madramu yao tutoe mabati yaliyolika ndani na kuweka mapya. Hayo ndiyo mavuno yetu. Anayeingia ndani ni Ndaki, mume wangu, kwa sababu ni mwembamba, na kwa sababu mkono wake hauna mfano. Nimeona mafundi wengi chuoni Shinyanga. Sikuona mkono kama ule.

Mimi kazi yangu ni mashine ya kukerezea. Basi nimeamua: msimu huu nitatengeneza gunzi lisilopiga teke. Nitaandika kila ninachojaribu, nisije nikarudia kosa moja mara mbili. Nimeogopa leo. Bado naona ile miguu nje ya dramu.

Jumatano, 16 Oktoba

Nimelitazama gunzi la dukani juani. Meno yake yamesimama wima, na nafasi kati ya jino na jino ni ile ile mwanzo hadi mwisho. Kila jino linagonga chuma kwa pigo moja na lenzake, ndiyo maana linaruka na kupiga kelele mpaka mama muuza maandazi ng'ambo ya barabara anaziba masikio. Nimekata kipande cha springi ya lori na kuanza kukikereza.

Ijumaa, 18 Oktoba

Hakuna umeme. Nimefua nguo.

Jumapili, 20 Oktoba

Jumapili ndiyo siku ya Ndaki kumnyoa Elieth, binti yetu, ili kesho yake aende shule na kichwa safi. Amemnyoa kwa wembe miaka yote na hajawahi hata kumkwaruza. Leo amemkata juu ya sikio.

Kidonda chenyewe kidogo, lakini kichwa kikivuja damu huwa hakina siri. Elieth hakulia. Aligeuka akamtazama baba yake, macho yamemtoka, na Ndaki akauweka wembe kwenye beseni taratibu, kama kitu cha mtu mwingine.

"Mmalizie wewe, mama Elieth," akasema, akatoka.

Nimemmalizia mimi, na vibaya. Kesho watamcheka shuleni. Kosa la yote haya ni lile gunzi la dukani, na nitalishinda.

Jumanne, 22 Oktoba

Mzee Maige kaleta dramu lake. Ana makarasha mengi kuliko mtu yeyote tunayemfanyia kazi, na ana masharti mengi kuliko makarasha.

"Shikamoo, Mzee Maige."

"Marahaba, mayu," akasema, yaani mama kwa Kisukuma chake. "Mlango unaofungika mnao?"

Kila mwenye karasha hapa ana desturi hii. Vumbi linalotoka dramu likipigwa tupa ni mali yake, maana lina chembe za dhahabu zilizojificha kwenye nyufa na viungo. Kwa hiyo anakuja na beseni lake, anakaa, anasubiri. Mafuta hayaruhusiwi kwenye gunzi, maji hayaruhusiwi, yatachafua mali. Mlango unafungwa, dirisha linazibwa kwa turubai, upepo usije ukapeperusha utajiri wa mtu.

"Na feni je?" nikamuuliza. "Humu ndani kama tanuri."

"Feni ni mwizi, mayu."

Tulicheka wote. Sisi hatuna ubishi na desturi za watu. Dramu lenyewe huletwa limeoshwa mpaka linang'aa. Matope, mwalo wa kuoshea mchanga, zebaki, hayo ni ya wachimbaji huko huko kwao. Sisi ni mafundi, tunashika chuma kikavu, jioni tunanawa mikono tunaenda kanisani kama watu wengine.

Jumamosi, 26 Oktoba

Gunzi la kwanza. Meno nimeyalaza mshazari. Kelele zimepungua, teke lipo. Jino moja limekatika kwa sababu nilikipoza chuma kwenye maji badala ya oili. Kosa la mwanafunzi wa mwezi wa kwanza! Ndaki aliliangalia akaenda zake. Zamani angenitania wiki nzima.

Jumanne, 29 Oktoba

Mvua ya kwanza ya maana. Barabara yote ni uji.

Jumatatu, 4 Novemba

Ndaki anatema mate kila saa. Anasema chai ina ladha ya shilingi, kama mtu aliyenyonya sarafu. Nimebadilisha sufuria. Nimebadilisha majani. Ladha ni ile ile.

"Basi ni mpishi," nikasema.

Hakucheka. Alisukuma kikombe, na chai ikamwagika mezani, na sijui kama alikisukuma kwa hasira au ni mkono tu.

Gunzi la pili nimelifanya nene zaidi ya la kwanza. Bure.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimeona jambo ambalo sikulitegemea kwa mtu huyu. Wateja walikuja kuulizia dramu lao, na Ndaki akajificha nyuma ya mashine mpaka walipoondoka. Ndaki! Mwanamume ambaye hawezi kupita sokoni Katoro bila kutaniana na kila muuza dagaa! Nilimkuta amechuchumaa, mikono imefichwa makwapani, anaangalia sakafu.

"Una nini?"

"Niache."

Tangu wasikie kwamba natengeneza gunzi, watu wakija wanauliza: "Yule mama wa gunzi yupo?" Hawamuulizi yeye. Nadhani linamchoma. Huyu ndiye aliyeuza ng'ombe wake ili mimi ninunue mashine ya kukerezea, na ndugu zake wakamwita kichaa. Leo anaona wivu kwa kipande cha chuma ninachokitengeneza kwa ajili ya mkono wake mwenyewe. Nimeumia na nimeshangaa, sijui lipi zaidi.

Jumatatu, 11 Novemba

Madramu mawili mapya. Mlango umefungwa tangu asubuhi. Joto.

Jumatano, 13 Novemba

Leo nimekosea, na kosa limenipa zawadi. Niandike vizuri nisisahau.

Ili nigawe meno sawasawa, huwa nachora mistari kwenye ukanda wa karatasi, nauzungusha kwenye chuma na kuubandika, kisha nakata kwa tindo kufuata mistari. Usiku paa limevuja, karatasi ikalowa upande mmoja. Nikaianika juani, ikakauka imejivuta, na mimi kwa haraka zangu nikaibandika bila kuipima. Nimemaliza kukata ndipo nikaona: nafasi za meno zimetofautiana. Huku yamebanana, huku yameachana. Gunzi limekuwa kama mdomo wa mtoto anayeota meno.

Nilitaka kulitupa. Lakini mchana nilikuwa nimeshapoteza, na oili ilikuwa imeshapata moto, nikasema acha nilichovye tu, nilijaribu kwenye chuma chakavu.

Halikupiga kelele.

Nilizima grainda nikidhani haijashika. Nikawasha tena, nikasukuma. Chuma kilikuwa kinaliwa kabisa, vumbi linamwagika, na gunzi linanguruma kwa upole tu, na kikombe cha chai kilichokuwa juu ya meza hiyo hiyo kimetulia. Nilikaa chini sakafuni. Ndipo nikaelewa: meno yakiwa na nafasi tofauti, hakuna pigo linaloungana na jingine. Kila jino linagonga kwa wakati wake, tetemeko linakosa pa kuanzia.

Nikapiga ukelele mpaka Elieth akaja mbio akidhani nimejikata.

Alhamisi, 14 Novemba

Ndaki ameingia nalo ndani ya dramu. Nilisubiri nje, roho juu. Alifanya kwa asubuhi moja kazi ya siku nzima. Alipotoka uso wote ni vumbi, macho mekundu.

"Vipi?"

"Halipigi teke," akasema. Kisha akarudia, kama asiyeamini. "Mama Elieth, halipigi teke kabisa."

Nililia. Mzee Maige naye karibu alie, kwa sababu zake. Gunzi hili linaingia kwenye nyufa ambazo la zamani lilikuwa linaziruka, na beseni lake limejaa kuliko alivyozoea. "Wabeja, mayu," akanishukuru. "Wabeja sana."

Dramu lilikuwa la moto, huwezi kulishika. Gunzi hili linakata haraka, ndiyo maana.

Jumanne, 19 Novemba

Habari zimefika mbali. Leo amekuja fundi wa Runzewe, anaitwa Leodgar, mtu mzima, mpole, shughuli yake ni hii hii yetu. Alilijaribu gunzi, akazima grainda.

"Mimi mkono wangu umeshakuwa wa mzee," akasema. "Nikishika kijiko, mchuzi unaisha njiani."

"Ni lile gunzi la zamani hilo, kaka," nikamwambia. "Mume wangu alikuwa hivyo hivyo. Hili litakuponya."

Amechukua mawili. Nilimsindikiza mpaka barabarani nikiwa nimevimba kichwa, lazima nikiri.

Jumapili, 24 Novemba

Elieth amenyolewa saluni. Kaomba mwenyewe. Ndaki alikuwa anasikia.

Alhamisi, 28 Novemba

Ndaki amenitupia gunzi.

Si kunipiga, alilitupa ukutani, likapita karibu na sikio langu. Nilikuwa nimemwambia tu kwamba ameacha sehemu moja ya dramu haijasawazishwa. "Gunzi lako! Gunzi lako! Kila siku gunzi lako!" Alikuwa anapiga kelele mate yanamtoka, na fizi zake, niliona, zimevimba na zina damu. Mtu huyu sijawahi kumsikia akiinua sauti hata kwa mbwa. Kisha akakaa juu ya ndoo akaanza kulia.

Wazo lililonijia ni gongo. Ndiyo. Mikono inatetemeka, hasira, hapati usingizi, anawakwepa watu. Nimepekua chini ya kitanda, nimepekua darini, nimenusa koti lake. Sikukuta kitu, na hilo halikunituliza, nikasema basi ananywea kwa watu.

"Unakunywa?" nikamuuliza.

Alinitazama kama nimemtemea mate.

Ijumaa, 29 Novemba

Simu imetoka kijijini kwao, upande wa Shinyanga. Baba yake mdogo amefariki. Ndaki ameondoka na gari la asubuhi. Hatukuagana vizuri.

Jumatatu, 2 Desemba

Maagizo ya magunzi ni mengi, nimekata tangu asubuhi. Nyumba kimya. Nimekasirika na namkumbuka, vyote pamoja.

Ijumaa, 6 Desemba

Amerudi kutoka msibani. Nilikuwa nimejiandaa kumkagua kwa macho makavu: juma zima kwa mama yake, nyumba ya watu wa sala, gongo hakuna, kazi hakuna. Kama ni pombe, atarudi amenyooka.

Nikapakua ugali na mlenda. Akanawa. Akamega tonge, akalipeleka kwenye bakuli, na tonge likawa linagonga ukingo wa bakuli, ko ko ko ko, kabla hajalichovya. Mlenda ulimdondokea kifuani. Aliufuta bila kunitazama. Mezani kulikuwa na gunzi langu jipya, zuri, lililopoa, halijafungwa popote. Grainda iko kabatini. Hajagusa chombo juma zima.

Na mkono ulikuwa unatetemeka vile vile. Hapana. Zaidi.

Nilisahau kula. Toka Oktoba nimekuwa nikipigana na teke la gunzi, nikilichora, nikilikata, nikiliota, na teke nililiondoa, kwa macho yangu niliona kikombe kimetulia mezani. Kama teke limeondoka na mkono bado unatetemeka, basi haikuwa teke. Haijawahi kuwa teke.

"Ndaki," nikasema, "Jumatatu tunakwenda hospitali."

Nilitegemea abishe. Akasema, "Sawa," kama mtoto.

Jumatatu, 9 Desemba

Nimeandika mstari huu nikaukata, nikauandika tena. Niandike kama ilivyokuwa.

Daktari alikuwa mwanamke, ana haraka, foleni imefika nje. Alimwambia Ndaki anyooshe mikono. Akamwambia aandike jina lake. Ndaki aliandika, na yale maandishi sikuyajua. Akamwangalia fizi. Haraka yake yote ikaisha pale pale. Akavuta kiti.

"Unafanya kazi gani, baba?"

"Fundi wa mashine."

"Unachoma zebaki?"

Mimi ndiye niliyejibu, na nilijibu kwa kiburi, Mungu anisamehe. "Sisi si wachimbaji, daktari. Hatugusi zebaki."

"Mashine gani mnatengeneza?"

"Makarasha."

Akaweka kalamu chini. Akaniuliza kama nimewahi kuona wenye makarasha wakimimina zebaki humo humo ndani, pamoja na mawe, ili ikamate dhahabu mapema. Nikasema ndiyo, wengine hufanya hivyo, kila mtu anajua. Akauliza dramu likioshwa hiyo zebaki inakwenda wapi. Nikasema inaoshwa. Akauliza, yote?

"Kwenye nyufa inabaki," akasema. "Kwenye viungo vya bati. Huioni. Ikipata joto inakuwa hewa. Haina harufu, haina rangi, haikohozeshi. Unaivuta tu." Akamgeukia Ndaki. "Mnapopiga tupa, chuma kinapata moto?"

Ndaki akanitazama mimi.

Joto. Sikuweza kusema kwamba lile la zamani lilikuwa linapata moto kiasi, na la kwangu linachemsha dramu zima. La zamani lilikuwa linaziruka nyufa, la kwangu linazifuata mpaka mwisho. Kavu, bila tone la maji, kwa sababu maji yanachafua mali. Mlango umefungwa. Turubai dirishani. Kichwa cha mume wangu ndani ya pipa. Kila nilipolifanya gunzi kuwa bora, nilimpa zaidi.

Tulijua kwamba vumbi lile lina dhahabu. Tulijua, tukatania, tukamwekea mtu kiti akae na beseni lake. Hata siku moja hatukujiuliza dhahabu hiyo imeshikwa na nini.

Majibu ya mkojo yatachukua muda, lakini daktari kasema asirudi kwenye dramu hata dakika moja. Mkono unaweza kutulia, polepole, miezi. Unaweza usitulie wote. Hasira, aibu mbele za watu, usingizi, ladha ya shilingi, vyote ni hiyo hiyo. Mimi nilikuwa nanusa koti lake.

Na mimi na Elieth tutapimwa.

Jumanne, 10 Desemba

Sina cha kuandika. Nimemnyoa Ndaki ndevu. Alifumba macho, akaniachia uso.

Jumatano, 11 Desemba

Mzee Maige amekuja kusimamia dramu lake la pili. Alikuta mlango wazi, dirisha wazi, turubai nimelichana vipande.

"Mayu! Upepo utachukua mali yangu!"

"Uichukue."

Nimemweleza yote. Alisikiliza beseni likiwa mapajani. Nikamwambia hata hilo vumbi analolipeleka nyumbani, analolichoma jikoni kutoa dhahabu, wajukuu huwa wapi anapolichoma? Aliligeuzageuza beseni. Nilidhani amenielewa. Kisha akasema kwa upole kabisa kwamba Ndaki ni mgonjwa na anasikitika, ila yeye amefanya hivi tangu ujana na bado anasimama. Amewaita watu wapakie dramu lake. Analipeleka kwa fundi mwingine, mwenye mlango unaofungika.

"Nani?" nikamuuliza.

"Yule wa Runzewe," akasema. "Nasikia ana gunzi zuri."

Lilikuwa gunzi langu.

Ijumaa, 13 Desemba

Nimekwenda Runzewe peke yangu. Karakana ya Leodgar nimeitambua kwa mlango: jua la asubuhi, mvua imekata, kila mtu kafungua, yeye kafunga. Niligonga mpaka akanisikia. Alinipokea kama ndugu, akaagiza chai, akaleta na chapati. Dramu la Mzee Maige lilikuwa katikati ya sakafu.

Nilimwambia bila kuzunguka. Zebaki, nyufa, joto, hewa isiyo na harufu. Nikamwambia nimekuja kuyachukua magunzi yangu, na nitamrudishia alichotoa. Alitikisa kichwa akitabasamu, jinsi mtu anavyomsikiliza mgeni aliyechoka na safari.

"Dada yangu, hili ndilo limeniponya."

"Halikukuponya."

"Wewe mwenyewe uliniambia. Lile la zamani ndilo lilinitetemesha. Toka nianze kutumia hili naona nafuu kabisa."

Akaniongezea chai. Mdomo wa birika ulikuwa unagonga kikombe changu, ko ko ko ko, na chai nusu inaingia, nusu inamwagikia kisahani. Hakuona. Au ameshazoea. Alikuwa anazungumza huku anamimina, anasema ni mabaki tu ya lile la zamani, yataisha, ameshawaambia na mafundi wengine. Nilikuwa nasikia sauti yangu ikitoka kinywani mwake, neno kwa neno, na sikuwa na neno jingine la kuishinda.

Nilipoinuka akaniuliza kama nimebakiza mengine. Anataka mawili zaidi, ya vijana wake.

Jumamosi, 14 Desemba

Nimemsimulia Ndaki. Alikuwa amekaa uani, mikono makwapani kama siku hizi zote. Nimemwambia maneno yangu hayana nguvu pale, mtu haamini hewa asiyoiona. Sikumwomba kitu. Nisingethubutu. Huyu ni mtu anayetoka chooni akisikia hodi na kujifungia chumbani. Jumapili hii haendi misa kwa kuogopa kushika kitabu cha nyimbo mbele za watu.

"Ana meza?" akauliza.

"Nani?"

"Huyo Leodgar. Meza ya kazi. Ya bati?"

"Ya bati."

"Nipeleke," akasema.

Jumatatu, 16 Desemba

Mvua tangu Katoro. Ndani ya gari Ndaki alikaa dirishani, mikono ndani ya mifuko ya koti, uso umegeukia kioo. Pale Runzewe stendi alisimama kwanza, nikadhani anaghairi, nikamwacha. Kisha akatangulia kutembea.

Leodgar alikuwa na vijana wake wawili na Mzee Maige, beseni tayari. Mlango ukafungwa nyuma yetu, kwa ajili ya upepo. Watu wanne wakimwangalia. Niliona jasho likimtoka Ndaki kwenye paji la uso. Aliwaamkia. Akaenda kwenye meza ya kazi, meza ya bati yenye nati na boliti zimetapakaa, akatoa mkono wa kulia mfukoni na kuuweka juu, kiganja chini, mbele ya wote.

Bati likaanza kulia. Sauti ndogo, nati moja inagongana na nyingine, kisha ya tatu. Grainda ilikuwa imezimwa. Waya umening'inia.

"Toka mwezi uliopita sijashika gunzi, la zamani wala jipya. Na wako, kaka," Ndaki akasema. Sauti yake ilikuwa ya zamani, ile ya sokoni, ya upole. "Weka na wako hapa."

Leodgar alicheka kidogo, akatazama vijana wake. Halafu akaweka.

Sikuwahi kusikia kitu kama kile na sitaki kukisikia tena. Nati zote mezani ziliamka. Zilikuwa zinatembea, zinagongana, zinasogea kuelekea ukingoni, na ile mikono miwili imelala tu, hakuna anayeisukuma. Ni kelele ile ile niliyoiondoa kwenye gunzi. Moja ikaanguka sakafuni. Hakuna aliyeinama kuiokota.

Leodgar aliangalia mkono wa mume wangu, akaangalia wake. Akakaza misuli, akajaribu kuutuliza, nati zikaongeza kelele. Tabasamu lilimtoka usoni kidogo kidogo, na nikaona mtu akifika mahali nilipofika mimi wiki iliyopita, kwenye kiti cha hospitali.

Mzee Maige alikuwa amesimama. Beseni alikuwa ameliweka chini, na alikuwa anaitazama mikono yake mwenyewe.

"Fungueni mlango," Leodgar akawaambia vijana. "Fungueni na dirisha."